Karavani ya Kigamboni: breki ikikanyagwa, taa inafifia

Karavani yenyewe ni ya ekseli moja, imetengenezwa Uingereza kabla plagi ya pini 13 haijawa kawaida huko mwishoni mwa 2008. Inavutwa na Land Cruiser ya volti 12. Ilikaa masika yote Kigamboni, karibu na mchanga kiasi kwamba chumvi inaonekana kwenye vioo, kisha ikaanza kuandaliwa kwa safari ya Mikumi. Taa za kulia hazikuwa na neno. Za kushoto ndizo zilizoanza vituko.

Taa ndogo zikiwashwa peke yake, nyekundu ya nyuma kushoto iliwaka vizuri tu. Breki ikikanyagwa huku taa ndogo zimezimwa, taa ya breki ya kushoto ilitoa wekundu hafifu, na indiketa ya upande huohuo nayo ikang'aa kidogo ingawa hakuna aliyeigusa. Taa ndogo zikiwashwa halafu breki ikakanyagwa, upande wa kushoto ulififia badala ya kuongezeka. Juu ya hayo, fyuzi ya taa ndogo kwenye gari ilikuwa inakatika mara kwa mara, hasa gari likikata kona.

Mwenye karavani alilieleza tatizo lake hivi:

"Fundi, nikiweka indiketa tu, taa ndogo nayo inacheza."

"Zinawaka pamoja, bosi, au zinapokezana?"

"Zinapokezana. Hii ikiwaka, ile inafifia."

Swali hilo moja lilikuwa na thamani kuliko globu zote mbili zilizokuwa zimeshanunuliwa. Taa mbili za upande mmoja zikipokezana, globu ni nzima, waya wa moto unafika, na kinachokosekana ni njia ya umeme kurudi: ethi ya upande huo. Lakini kabla ya kufika hapo, matengenezo ya kubahatisha yalikuwa yameshafanyika. Globu zimebadilishwa, holda imepuliziwa mafuta ya kulainisha, na fyuzi ya ampea 10 iliyoandikwa TAIL imetolewa na kuwekwa ya ampea 30 ili "isisumbue njiani". Hiyo ya mwisho ndiyo ingeweza kuchoma karavani.

Kwanza tuelewe kwa nini taa isiyo na ethi inawaka. Globu ya nyuma ni P21/5W, yenye filamenti (nyuzi zinazowaka ndani ya globu) mbili zinazotumia kitako kimoja: ya wati 21 kwa breki na ya wati 5 kwa taa ndogo. Pembeni yake, ndani ya taa ileile, kuna globu ya indiketa ya wati 21. Zote tatu zinarudisha umeme kupitia kipande kimoja cha chuma. Kipande hicho kikikosa ethi, umeme haukati tamaa. Unaoingia kwenye filamenti ya taa ndogo hutokea kwenye filamenti ya breki kwa kinyumenyume, unafuata waya wa breki hadi kwenye gari, unapita kwenye globu za breki za gari na kufika ethi huko. Filamenti ya wati 5 ikiwa imewaka ina ukinzani wa karibu omu 29, wakati ya wati 21 ikiwa baridi haifiki hata omu 1. Kwa hiyo karibu volti zote zinaishia kwenye ile ndogo, nayo inawaka kama kawaida. Anayekagua kwa kuwasha taa ndogo na kuzunguka nyuma ataondoka ameridhika kabisa.

Ukikanyaga breki mambo yanageuka. Umeme wa breki unapita kwenye wati 21, unafika kwenye chuma kisicho na ethi, na njia rahisi ya kutoka ni kurudi kupitia globu ya indiketa kwenda kwenye globu za indiketa za gari. Sasa globu za wati 21 zimejipanga foleni na zinagawana volti 12, kila moja ya trela ikipata kama 5, ndiyo maana zote mbili ni nyekundu za unyonge. Kile chuma cha pamoja nacho kimepanda hadi karibu volti 7. Kama taa ndogo ilikuwa imewashwa, ilikuwa na tofauti ya volti 12 kati ya waya wake na kitako, na sasa imebakiwa na 5. Lazima ififie. Indiketa inafanya vivyo hivyo kila inapopigwa, na ndiyo kupokezana kwenyewe.

Dereva hapati onyo lolote mbele. Kwenye gari ambalo soketi imeunganishwa moja kwa moja kwenye nyaya za taa, mlio wa indiketa haubadiliki kwa sababu globu za gari lenyewe zipo zote na flasha, kifaa kinachopigisha indiketa, inaona mzigo wa kutosha. Anayejua kuna tatizo ni dereva wa lori aliye nyuma usiku kati ya Mlandizi na Chalinze, na yeye anajua akiwa amechelewa.

Kitu kingine kilichosaidia ni kwamba upande wa kulia haukuguswa. Ingekuwa ethi kuu, yaani pini namba 3 ya plagi, imekatika, pande zote mbili zingechanganyikiwa. Kasoro ikiwa upande mmoja, usianze kufungua plagi. Nenda kwenye taa yenyewe.

Hata hivyo kazi ilianzia kwenye gari, na karavani ikiwa imefunguliwa kabisa kutoka kwenye mpira wa chuma wa kuvutia. Si kuwa waangalifu kupita kiasi. Kikombe cha trela kikikaa juu ya mpira ule, chuma kwa chuma na grisi katikati, kinakuwa ethi ya bahati nasibu: leo inapitisha, kesho haipitishi. Ukipima huku trela imefungwa, unaweza kupata majibu mazuri ambayo yatapotea kwenye tuta la kwanza. Plagi ya pili ya karavani, ile ya kijivu inayopeleka umeme wa ndani na friji, nayo ilichomolewa, na betri ya ndani ikakatwa, ili kusiwe na njia nyingine ya kurudi.

Plagi nyeusi ya taa ni ile ya pini 7 inayoitwa 12N, kwa kiwango cha ISO 1724. Mpangilio wake unafaa kuandikwa ndani ya kifuniko cha soketi kwa kalamu isiyofutika: 1 njano, indiketa kushoto, 2 bluu, taa ya ukungu, 3 nyeupe, ethi, 4 kijani, indiketa kulia, 5 kahawia, taa ndogo kulia, 6 nyekundu, breki, 7 nyeusi, taa ndogo kushoto. Namba zimechongwa kwenye plastiki karibu na kila pini. Zisome hapo, usihesabu kwa macho, maana soketi ukiiangalia kwa mbele na ukiiangalia kwa nyuma ni kama kioo, na hapo ndipo kushoto na kulia hubadilishana. Rangi nazo ziamini baada ya kuzipima. Trela iliyokwisha pita kwa mafundi watatu huwa na waya wa rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo.

Soketi ya gari ilipimwa kwa globu ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Waya mmoja pini 3, mwingine unapita 1, 4, 5, 6 na 7 huku mtu wa ndani akiwasha kila taa kwa zamu. Zote ziliwaka nyeupe kabisa. Tunasisitiza globu badala ya kutegemea multimita, yaani kipimo cha volti na omu, pekee: multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 safi. Globu ya wati 21 inavuta ampea 1.75, na uzi mmoja hauwezi kujificha mbele yake. Multimita ilitumika kwa swali lingine: globu ikiwa inawaka, kuna volti ngapi kati ya pini 3 na hasi ya betri ya gari? Ikasoma 0.03. Gari likawa limetoka kwenye orodha ya washukiwa.

Gari la volti 24 lingebadilisha hesabu yote hapo. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zina betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo, na ukiunganisha trela ya volti 12 kwenye taa za volti 24, globu zinapasuka moja baada ya nyingine. Pima kabla ya kuchomeka.

Kisha ikaja zamu ya karavani peke yake. Betri ya volti 12, hasi kwenye pini 3 ya plagi, chanya kupitia fyuzi ya ampea 10, ikigusishwa pini moja moja. Pini 4: indiketa ya kulia, safi. Pini 5: taa ndogo ya kulia na taa za ubavu, safi, ila taa ya kibao cha namba ilikuwa na mwanga wa mshumaa. Pini 7: kushoto safi, na sasa unajua kwa nini usiiamini. Pini 6: breki ya kulia ikawaka kwa nguvu zote, ya kushoto giza, lakini taa ndogo ya kushoto na taa za ubavu wa kushoto zikatoa mwanga mdogo. Pini 1 ndiyo iliyomaliza ubishi: indiketa ya kushoto ikawa hafifu, breki ya kushoto hafifu, na breki ya kulia, upande wa pili kabisa wa karavani, nayo ikapata wekundu. Globu tatu za wati 21 zimepangana, volti 4 kila moja, umeme ukivuka trela nzima kutafuta ethi ya mwenzake.

Uthibitisho ulichukua waya mmoja. Hasi ya betri ilipelekwa moja kwa moja hadi kwenye kitako cha taa ya kushoto, yaani kile chuma cha pamoja, na papo hapo kila kitu kikakaa sawa. Waya ukitolewa, vituko vinarudi. Kabla ya kufungua, multimita iliwekwa kati ya kitako hicho na pini 3 huku pini 6 ina umeme: volti 11.8. Ethi nzuri ingesoma chini ya 0.2.

Taa ilipofunguliwa, sababu ilikuwa mbele ya macho. Karavani za aina hii zina ngozi ya alumini juu ya fremu ya mbao, na ethi za taa zinarudi kwa waya mweupe, haziishii kwenye bodi. Hapa waya mweupe wa kushoto ulikuwa umekatika siku za nyuma, na aliyetengeneza akafunga kipande kifupi kutoka kwenye kitako hadi kwenye skrubu ya bati iliyozamishwa kwenye alumini. Kwa gari la bodi ya chuma hilo lingepita kwa muda. Kwenye alumini, na skrubu ya chuma, na hewa ya Kigamboni, ni betri ndogo inayojila yenyewe: metali mbili tofauti, maji ya chumvi katikati, na inayoliwa ni alumini. Skrubu ilitolewa kwa vidole. Tundu lilikuwa limejaa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Nyuma ya ngozi kuna mbao. Kwa hiyo hata siku skrubu ilipokuwa mpya, umeme ulikuwa unategemea ngozi ya alumini iguse chesisi mahali fulani, kisha chesisi iguse gari kupitia kile kikombe chenye grisi. Ndiyo maana mwenye karavani alisema taa "zilikuwa zinapona zenyewe".

Kusafisha tundu na kukaza skrubu nene zaidi ni kurudi hapahapa baada ya vuli. Ulivutwa waya mpya mweupe wa milimita za mraba 2.5, mita 6, kutoka kitako cha taa ya kushoto hadi kwenye boksi la kuunganishia lililo kabati la mbele. Waya uwe wa magari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene unauzwa kila kona na unavutia kwa sababu shaba yake ni nene, lakini mtetemo wa barabara unaukata kwenye kona ya kwanza iliyokunjwa. Ncha zote mbili zilivuliwa ganda, zikabanwa tamino ya pete kwa koleo lake, zikavishwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kitako cha taa kilipigwa msasa hadi kikang'aa, na vaselini ikapakwa baada ya kukaza. Baada, si kabla: chuma kikishabanana na chuma, mafuta yanazuia maji kuingia, lakini ukipaka kwanza unaweza kuziba mguso wenyewe. Kipimo kilekile, pini 6 ikiwa na umeme, kikasoma volti 0.12.

Ile taa ya namba yenye mwanga wa mshumaa ilikuwa jambo la sekunde chache. Kitako cha globu kimeandikwa 24V. Maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani yanahudumia Fuso na mabasi kwa kaunta ileile, na globu za volti 12 na 24 zinafanana kila kitu isipokuwa maandishi. Ukinunua, soma kitako. Na ukiwa hapo angalia vipini vya P21/5W: vimepishana urefu kwa makusudi ili globu isiingie kinyume. Globu ya filamenti moja ikilazimishwa kwenye holda ya filamenti mbili, ncha yake pana inaweza kugusa mikono yote miwili ya holda na kuunganisha breki na taa ndogo. Hapo utapata dalili zinazofanana kabisa na za ethi mbovu, na utavuta waya mweupe bure.

Sasa fyuzi. Hesabu kwanza, maana hesabu inakuambia kama unatafuta mzigo mkubwa au shoti. Taa ndogo za gari ni globu 5 za wati 5 tukihesabu na ya namba: wati 25. Karavani ina 2 za nyuma, 4 za ubavu na 1 ya namba: wati 35. Jumla 60, ukigawa kwa 12 ni ampea 5. Fyuzi ya ampea 10 inabeba hiyo bila wasiwasi. Ikikatika, kuna mahali shaba inagusa chuma. Na kwa kuwa aliyefunga soketi aliunganisha pini 5 na 7 kwenye waya mmoja wa gari, kama inavyofanywa kwenye magari mengi ya Japani yenye fyuzi moja ya TAIL, shoti ya upande mmoja ilikuwa inazima pande zote mbili, za gari na za trela kwa pamoja.

Kwa nini kwenye kona? Jaribio la karavani peke yake halikuonyesha shoti, na hilo lilipaswa kumfanya mtu asimame afikiri. Hasi ya betri ilikuwa kwenye pini 3 tu. Chesisi ya karavani hii haijafungwa kwenye waya mweupe popote. Waya ukigusa chesisi, umeme hauna pa kwenda hadi trela ifungwe kwenye gari, na hata hapo unapita kwenye kikombe cha kuvutia, ambacho mguso wake unabadilika kinapozunguka. Shoti ilikuwepo muda wote. Kilichokuwa kinakuja na kuondoka ni njia yake ya kurudi. Kwa hiyo waya wa pili wa hasi ulibanwa kwenye mkono wa trela, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na kazi ikaanza upya.

Kutafuta shoti kwa kuchoma fyuzi ni ghali na hakuonyeshi kitu. Njia ya uhakika ni kuweka globu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Globu zote za taa ndogo, ubavu na namba zilitolewa kwenye holda zake, kisha chanya ya betri ikapita kwenye globu ya kupimia hadi pini 5. Bila shoti, globu ya kupimia inabaki giza kwa kuwa hakuna mzigo. Kukiwa na shoti inawaka nguvu zote, na haiwezi kuzidi ampea 1.75, kwa hiyo hakuna kinachoungua na una siku nzima ya kutafuta. Kutoa globu ni lazima. Anayepima omu huku globu ziko ndani atasoma chini ya omu 1 na kutangaza shoti, kumbe ni filamenti kadhaa baridi zilizopangwa sambamba.

Globu ya kupimia ilikaa giza. Watu wawili wakapanda kwenye bampa la nyuma wakaruka kidogo, na ikaanza kupepesa. Mmoja akaendelea kuruka, mwingine akalala chini na kufuata kebo kwa mkono kutoka mbele, akiisukuma na kuivuta kila hatua. Kwenye tundu la chuma kinachokatisha nyuma ya ekseli, upande wa kulia, kebo ilipoguswa globu iliwaka bila kupepesa. Raba inayokaa kwenye tundu hilo ilikuwa imekauka na kudondoka. Ukingo wa chuma ulikuwa umekula ganda la nje, kisha ganda la waya wa kahawia, na shaba ilikuwa inang'aa upande mmoja, mpya, kwa kusuguliwa.

Ampea 30 zilikuwa zimefanya kazi yake hapo. Mguso wa kukwaruza kupitia kikombe chenye grisi haupitishi umeme wote wa betri. Unaweza kupitisha ampea 15 au 20. Fyuzi ya 10 inakatika, na imefanya ilichowekewa. Fyuzi ya 30 haina habari. Waya wa milimita ya mraba 1 ukibeba ampea 20 unatoa karibu wati 7 za joto kwa kila mita, ndani ya kebo iliyobanana na nyaya nyingine sita. Kwa karibu mita moja kutoka kwenye tundu kuelekea mbele, ganda la kahawia lilikuwa limelainika na kushikana na lile jeusi la jirani. Juu yake kuna sakafu ya mbao na godoro.

Kipande hicho chote kilikatwa, hakikufungwa tepu. Tepu nyeusi kwenye joto la Dar inayeyuka gundi na kujifungua yenyewe, na chini ya gari inakusanya mchanga. Kilipachikwa kipande kipya cha kebo ya nyaya saba, viungo vikabanwa kwa mirija ya shaba na kuvishwa mpira wenye gundi, kila kiungo kikipishana na mwenzake kwa sentimita 4 ili visikutane hata ganda likichakaa. Vile vibano vya plastiki vya rangi vinavyochoma ganda la waya bila kulivua havikutumika. Kila kimoja ni mlango wa maji ya chumvi. Tundu lilipata raba mpya, kebo ikavishwa bomba la plastiki lenye mikunjo na kufungwa kwa tai za plastiki kila sentimita 30, ikiwa na ulegevu kidogo karibu na ekseli. Fyuzi ya ampea 10 ikarudishwa kwenye gari.

Taa zote sasa ziliwaka, na wengi hapo wangekusanya vifaa. Karavani ilifungwa kwenye gari, taa ndogo, breki na indiketa ya kushoto vikawashwa pamoja, karibu wati 98 au ampea 8, na ethi ikapimwa vipande vipande. Hasi ya betri hadi pini 3 ya soketi: volti 0.08. Kutoka pini ya soketi hadi pini ya plagi, sentimita chache tu: 0.80. Kutoka hapo hadi kitako cha taa ya kushoto: 0.27. Jumla volti 1.15 zimepotea kwenye njia ya kurudi. Globu ikipungukiwa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, kwa hiyo hilo si suala la ufundi wa kujionyesha. Tena volti 0.80 kwa ampea 8 ni zaidi ya wati 6 zinazochemka ndani ya plagi ya plastiki. Baada ya dakika kumi plagi ilikuwa ya moto mkononi.

Kasoro hii haikuonekana mwanzo kwa sababu soketi na plagi zilipimwa kila moja peke yake. Ubaya ulikuwa kwenye kukutana kwao. Pini za 12N ni za shaba nyeupe au ya njano na zina mpasuko katikati ili zibane kama springi. Ya namba 3 ilikuwa imefumba na kuota kijani. Ilipigwa msasa laini, ikapanuliwa kidogo kwa ncha ya kisu chembamba, kidogo tu kwani ukizidisha inavunjika, na tundu la soketi likasuguliwa kwa msasa uliokunjwa kwenye njiti. Volti 0.80 ikawa 0.05, jumla ikashuka hadi 0.40. Kama pini imeliwa na haina tena ukingo wa kubana, nunua plagi mpya, usiipanue.

Kuhamia LED kusingetatua lolote kati ya haya, ingawa ndilo pendekezo la kwanza utakalopewa. LED inavuta umeme kidogo sana kiasi kwamba inawaka hata kupitia mguso mbovu, na kasoro inajificha hadi ikatike kabisa. Tengeneza nyaya kwanza.

Na kama karavani ni ya Kimarekani, funga mkoba uanze upya. Huko breki na indiketa mara nyingi zinatumia waya mmoja kwa kila upande, njano kushoto na kijani kulia, kwa hiyo gari la Kijapani lenye breki na indiketa tofauti linahitaji kifaa cha kuziunganisha. Waya wa bluu ni wa breki za umeme na mweusi ni wa kuchaji betri. Mweusi huohuo kwenye 12N ni taa ndogo ya kushoto, na anayeunganisha rangi kwa rangi anaipelekea taa umeme wa betri usiozimika.

Karavani ya Kigamboni ilibaki na jambo moja la kila siku. Plagi ilikuwa inaachwa ikining'inia mdomo juu, ikikusanya umande. Ilifungiwa soketi ya bandia isiyo na waya kwenye mkono wa trela, imegeuzwa chini, plagi inachomekwa humo kila trela ikisimama. Kila mwezi, pini zinapanguswa kwa kitambaa chenye maji matamu, zinakaushwa, na vaselini kiasi cha punje ya mchele inapakwa kwenye kila moja.